Neno ‘forest’ halikuanza na miti

Mpwa wangu alihamishiwa Mbeya kikazi, na wiki yake ya kwanza akanipigia simu akiwa kando ya barabara. "Shikamoo mjomba. Konda alikuwa anaita Forest, Forest, nikajua huko ndiko kwenye miti. Nimeshuka, naona nyumba, ofisi na bodaboda. Sasa msitu wenyewe uko wapi?" Nikamwambia Forest ni jina la kata, kama zilivyo Iyunga na Uyole, asipoteze muda kuutafuta msitu. Akashukuru, akakata simu. Swali lake likanibaki mimi, kwa sababu kazi yangu ni kufasiri nyaraka za ardhi na mazingira, na neno hilo la Kiingereza nakutana nalo karibu kila wiki. Nimeona watu wazima wakigombana mkutanoni kwa ajili yake, na pande zote mbili zinasema kweli.

Kenya nako kuna mkanganyiko wa jamii hiyo. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu ya mwaka 2021 ilisema misitu inafunika asilimia 8.83 ya nchi. Tathmini hiyohiyo ikasema miti inafunika asilimia 12.13. Katiba yao, kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikie angalau asilimia 10. Mwananchi akizisoma takwimu hizo pamoja, atauliza: tumefika au hatujafika? Ni rahisi kudhani moja ni ya uongo. Hakuna ya uongo. Zinahesabu vitu viwili tofauti, na Katiba inazungumzia miti. Mwembe ulioko uani kwako unaingia kwenye hesabu ya miti, lakini haujaufanya ua wako kuwa msitu.

Hapo bado ni pepesi. Ugumu unaanza tukiligeuza swali: je, kunaweza kuwa na msitu usio na miti? Kwa Kiswahili hilo ni sawa na kuuliza kama kuna kundi la mbuzi lisilo na mbuzi. Kwa Kiingereza cha zamani jibu lilikuwa ndiyo, tena ndiyo ya wazi kabisa, na jibu hilo limeacha alama hadi ndani ya sheria zetu.

Nje ya mlango

Tuanze na maana, kisha tuone ilivyofika. ‘Forest’, lilipoingia Kiingereza, lilikuwa eneo la ardhi ambalo mfalme amelitenga kwa ajili ya wanyama wa kuwinda, na ambalo halikuongozwa na sheria inayotumika kwingineko nchini. Eneo hilo liliweza kuwa na miti mingi, michache, au lisiwe na mti kabisa. Kilicholifanya liwe ‘forest’ ni tamko la mfalme.

Waingereza walilipata neno hilo kwa Wanormani, watawala waliosema Kifaransa cha kale na walioivamia Uingereza mwaka 1066. Kifaransa cha leo kinaandika ‘forêt’, na kile kikofia juu ya herufi e kinaonyesha mahali ilipokuwa s kabla haijapotea midomoni mwa watu. Wafaransa nao walilitoa kwenye Kilatini cha zama za kati, ‘foresta’, na kwa urefu wake ‘forestis silva’. ‘Silva’ ndiyo miti, ndiyo msitu kwa maana yetu. ‘Forestis’ ni kivumishi, kinaeleza ni msitu wa namna gani. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kivumishi hicho kimetokana na ‘foris’, neno la Kilatini lenye maana ya nje, nje ya mlango. Kwa hiyo ‘forestis silva’ ni msitu wa nje. Baadaye watu wakafupisha. Wakaliacha ‘silva’, wakabaki na ‘forestis’.

Naomba tusimame hapo kidogo, maana ndipo siri yote ilipo. Neno lililoachwa njiani ndilo lililobeba miti. Lililobaki, hili ambalo leo kila mwanafunzi wetu anafundishwa kuwa ni msitu, halikuwa na jani hata moja ndani yake. Lilisema "nje" tu.

Ukitaka kulijua neno, watazame ndugu zake. Kutoka ‘foris’ hiyohiyo Kiingereza kina ‘foreign’, yaani -a kigeni, cha watu wa nje. Kina pia ‘forfeit’, kunyang’anywa mali au haki kwa sababu ya kosa, ambalo mwanzoni lilimaanisha jambo lililotendwa nje ya mipaka inayoruhusiwa. Msitu, mgeni na kunyang’anywa: watoto watatu wa mama mmoja, na mama anaitwa Nje. Kwa mtu aliyekulia karibu na hifadhi, undugu huo hauhitaji maelezo marefu.

Wako wataalamu wanaolihusisha neno hili na ‘forum’, kwa maana ya baraza la hukumu, kwamba ni ardhi iliyo chini ya baraza la mfalme. Njia hizo mbili zinakutana mahali pamoja. Katika hati za wafalme wa Wafranki, ambako neno linaonekana tangu karne ya 7, linataja eneo ambalo mfalme amejiwekea yeye mwenyewe. Hata maji ya kuvulia samaki yaliweza kuitwa hivyo. Mto hauna matawi wala mizizi, lakini ukiwa wa mfalme, ulistahili jina.

Kuna maelezo mengine matamu ambayo utayasikia, kwamba neno limetokana na ‘for rest’, mahali pa kupumzikia. Si ya leo. Mwaka 1598 mwanasheria Mwingereza John Manwood, aliyeandika juu ya sheria za maeneo haya, alilieleza neno kwa wazo hilo: mahali ambapo wanyama wa porini wanapumzika na kukaa kwa usalama chini ya ulinzi wa mfalme. Kama asili ya neno, alikosea. Kama maelezo ya kitu chenyewe, alikuwa sahihi kuliko kamusi nyingi za leo, kwa sababu aliwataja wanyama na mfalme, akaitaja miti pamoja na malisho kama sehemu tu ya mandhari.

Ayala wa mfalme

Mfano ulio bora zaidi upo hadi leo, kusini mwa Uingereza, jimboni Hampshire. Karibu mwaka 1079 mfalme William, yule Mnormani mvamizi, alilitenga eneo kubwa huko kwa ajili ya kuwinda ayala, wale wanyama wenye pembe zenye matawi. Katika daftari kuu la ardhi lililokusanywa mwaka 1086 linaitwa ‘Nova Foresta’. Leo ni New Forest, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Ukifika ukitarajia miti mwanzo hadi mwisho utashangaa. Ipo miti, mialoni na mingine mikubwa ya zamani, lakini sehemu kubwa ni uwanda wa vichaka vifupi vya goti, vinamasi na malisho, na farasi wadogo wa wanakijiji wanatembea barabarani bila haraka. Hakuna aliyeikata miti ya uwanda ule ili kulivunja jina. Tangu William alipolitoa jina, uwanda ulikuwa ndani.

Sheria ya maeneo haya ililinda vitu viwili: mnyama, na majani mabichi. Majani yalilindwa kwa sababu ndiyo chakula cha mnyama na maficho yake. Mti ulikuwa na thamani kwa sababu ya ayala aliyesimama chini yake. Watu waliendelea kuishi humo, katika vijiji vyao, lakini chini ya masharti. Huwezi kuwinda. Huwezi kujenga uzio wa kuzuia ayala wasile mazao yako. Mbwa wako mkubwa anakatwa vidole vitatu vya mguu wa mbele, asiweze kumkimbiza mnyama wa mfalme. William alipofariki mwaka 1087, mwandishi wa kumbukumbu za Waingereza wa wakati ule aliandika kwamba yeyote aliyeua ayala alipaswa kupofushwa, na kwamba mfalme aliwapenda ayala kana kwamba ni baba yao.

Sheria hiyo ilienea. Kuna kipindi karibu jimbo zima la Essex, pamoja na mashamba na vijiji vyake, lilihesabiwa kuwa ‘forest’. Miinuko ya Dartmoor, ambayo ni majani na mawe yanayopigwa na upepo, ilikuwa ‘forest’. Huko Uskoti hadi leo kuna vilima vitupu, huoni mti toka bondeni hadi kileleni, na kwenye ramani vimeandikwa ‘forest’ kwa sababu vilitengwa kwa ajili ya ayala. Mgeni anadhani ramani imekosea, kumbe ramani inakumbuka maana ya zamani.

Ushahidi mzito zaidi umo kwenye vitenzi. Leo ‘afforestation’ ni kupanda miti mahali ambapo haikuwepo. Katika sheria ya zamani, ‘to afforest’ kulimaanisha kuiingiza ardhi chini ya sheria ya mfalme, na hakuna mche uliopandwa. Kinyume chake, ‘to disafforest’, kulimaanisha kuitoa ardhi katika sheria hiyo, na hakuna shoka lililoinuliwa. Mwaka 1217, Henry wa Tatu akiwa mfalme mtoto wa miaka 10 na nchi ikiendeshwa na wakubwa wake, ilitolewa hati maalumu iliyoitwa Hati ya Forest. Iliagiza kwamba ardhi za watu ambazo babu yake, Henry wa Pili, aliziingiza zirudishwe. Ikasema kuanzia hapo mtu asipoteze uhai wala kiungo kwa sababu ya wanyama wa mfalme. Atozwe faini, na asiye na cha kulipa afungwe mwaka mmoja na siku moja. Ikawaruhusu watu huru kuchunga nguruwe wao, kuchimba bwawa, kujenga kinu ndani ya ardhi yao wenyewe.

Watu wengi wamesikia habari za Magna Carta, Hati Kuu ya 1215. Wachache wanajua kwamba ilipata kuitwa Kuu ili kuitofautisha na hii ndogo, ya Forest. Ile kubwa iliwahusu zaidi makabaila. Hii ndogo iliwahusu watu wa kuni, wa nguruwe na wa asali, na ndiyo inayonigusa zaidi mimi. Ilidumu katika sheria za Uingereza hadi ilipofutwa mwaka 1971.

Kumbe tulikuwa na neno lake

Sasa niseme jambo ambalo nililiona kwa kuchelewa, baada ya miaka ya kufasiri. ‘Forest’ ya William, ile ya ardhi iliyotengwa kwa ajili ya wanyama wa kuwindwa kwa kibali, ina tafsiri kamili katika Kiswahili cha serikali ya Tanzania. Siyo msitu. Ni pori la akiba, au pori tengefu. Selous ilikuwa Pori la Akiba kabla sehemu yake kubwa haijawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na hakuna aliyemwambia Mtanzania kwamba Pori la Akiba lazima liwe na miti mfululizo. Tengefu, kilichotengwa. Neno linajieleza lenyewe: kuna aliyekaa akatenga. Ningeambiwa leo niifasiri ‘Nova Foresta’ ya mwaka 1086, ningeandika Pori Tengefu Jipya, na msomaji wa Rukwa au Simanjiro angeielewa mara moja, pamoja na bunduki na vibali na kesi zake.

Msitu ni neno la namna nyingine. Lina ndugu yake mwitu, tunayemsikia katika nguruwe mwitu na paka mwitu, na Wakikuyu wanasema ‘mũtitũ’, neno la ukoo huohuo wa Kibantu. Ni maneno ya kitu kinachoonekana: miti imesongamana, kuna kivuli, kuna kupotea njia. Hakuna mfalme ndani yake. Kiingereza nacho kina neno lake la asili la namna hii, ‘wood’, ambalo kwa Kiingereza cha kale lilikuwa ‘wudu’. Linataja mahali penye miti na linataja pia kile ambacho kiti kimetengenezewa, kama sisi tunavyosema mti shambani na kiti cha mti. ‘Wood’ ni neno la mtu anayetafuta kuni. ‘Forest’ lilikuwa neno la mtu anayemzuia.

Na kuna kaya. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wana misitu yao mitakatifu, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, iliyotawanyika kwa umbali wa kilomita 200 hivi kandokando ya pwani: Kaya Rabai, Kaya Kauma, Kaya Kinondo kule Kwale na nyinginezo. Wazee waliishi ndani yake, katika vijiji vilivyozungukwa na miti kama ngome. Leo hawaishi humo, lakini makaburi ya wahenga yamo, na mti haukatwi. Jina lake linamaanisha makazi, nyumbani. Linganisha: kwa Mfranki, msitu wa mfalme ni nje ya mlango; kwa Mgiriama, msitu ndio mlango wenyewe unakoelekea. Misitu hiyo imehifadhiwa vizuri kwa karne nyingi bila neno la nje, na sidhani kama ni kwa bahati.

Karatasi ilipovuka bahari

Wajerumani walikuja huku wakiwa na maneno mawili, ‘Wald’ na ‘Forst’. La kwanza ni miti tu. La pili, lenye asili moja na ‘forest’, ni miti yenye mwenyewe, yenye ofisi, yenye mpango wa kuvuna. Mwaka 1904 walitunga sheria ya misitu ya koloni lao la Afrika Mashariki, mwaka mmoja kabla ya Maji Maji. Waingereza walipoichukua Tanganyika wakatunga yao mwaka 1921. Kenya, msitu wa Karura wa Nairobi ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932. Mlolongo ulikuwa uleule wa Hampshire: mtawala anatamka, mpaka unachorwa, na kuanzia siku hiyo aliyekuwa anakata kuni anakuwa mhalifu, bila yeye kuhama wala miti kuongezeka.

Haki itendeke pia: tangazo hilohilo la karatasi linaweza kuwa ngao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu za Karura zilipogawiwa watu binafsi wajenge, Wangari Maathai na wenzake walisimama na miche mikononi, wakapigwa, na hoja yao ilikuwa kwamba eneo lile ni la umma. Leo watu wanakimbia mazoezi ndani ya Karura. Barabara ya Nairobi iliyoitwa Forest Road sasa ina jina lake yeye. Kwa hiyo silaumu mpaka kwa kuwa ni mpaka. Ninachotaka ni tujue kwamba tunazungumzia mpaka.

Tazama Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002. Inaeleza msitu kwa kivuli cha miti: vilele vikifunika angalau asilimia 10 ya ardhi, ni msitu. Hapo ni lugha ya miti. Kisha inaongeza kwamba maana hiyo inajumuisha hifadhi zote za misitu zilizotangazwa. Hapo ni lugha ya William. Hifadhi iliyotangazwa ni msitu hata ikiwa imebaki visiki. Kifungu kimoja, maana mbili, na neno la Kiswahili linabebeshwa zote.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina kipimo chake kinachotumika kulinganisha nchi: eneo linalozidi nusu hekta, miti inayozidi mita 5, kivuli kinachozidi asilimia 10. Asilimia 10 ni kidogo mno kuliko watu wanavyodhani. Chukua mkeka wa kulala watu wawili, weka sahani chache za chai juu yake, acha nafasi kubwa kati ya sahani na sahani. Huo ndio msitu kwa kipimo hicho. Ndiyo maana taarifa zikisema Tanzania ina hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya nchi kavu, mtu aliyesafiri kutoka Dodoma hadi Singida anashindwa kuamini. Yeye akilini ana Amani na Udzungwa, misitu ya ukungu, vilele vimegusana na chini ni giza. Sehemu kubwa sana ya hekta hizo ni miombo, ambako jua linafika chini, majani yanaota, na mwezi wa Septemba au Oktoba, mvua bado kabisa, miti inachipua majani mekundu kama kutu. Wataalamu wa Kiingereza huita hiyo ‘woodland’, wakaiweka mbali na ‘forest’ iliyofunga. Sisi tunasema pori tukiwa tunatembea ndani yake, na msitu wa miombo tukiwa tunaandika ripoti.

Jambo jingine ambalo hesabu hizi huficha: ukifyeka miombo ukapanda misonobari, kwa kipimo cha FAO bado una msitu, hujapunguza kitu. Kiswahili hapa kimeona mbali. Kiingereza kinaiita Sao Hill, kule Mufindi, ‘forest plantation’. Bango la Kiswahili linasema Shamba la Miti Sao Hill. Shamba. Mistari imenyooka, miti ina umri mmoja, siku ya kuvuna inajulikana. Aliyelichagua neno hilo aliwafanyia wasomaji wema mkubwa.

Na kwa kuwa tumegusa maneno yanayopotosha, niligusie ‘jungle’ kwa haraka, maana kwenye filamu ndilo linalotafsiriwa msitu mnene kuliko yote. Waingereza walilitoa India karne ya 18, kutoka ‘jangal’ ya Kihindi, na katika Kisanskriti ‘jangala’ ilikuwa nchi kavu, yenye miti michache, isiyolimwa. Neno la ukame limeishia kuwa neno la mvua. Usimwamini mtu anayekuambia kwamba maana ya neno haibadiliki.

Bikoni katikati ya mihogo

Nilisema nimeona watu wakigombana. Ilikuwa wilaya moja ya kusini. Taasisi iliyokuwa na mradi pale ilinipa hati ya Kiingereza niifasiri kwa ajili ya mkutano wa kijiji. Kila palipoandikwa ‘forest’ niliandika msitu, kama tulivyofundishwa wote. Mkutanoni nikaisoma: wakazi waliomo ndani ya msitu, shughuli zinazofanyika ndani ya msitu, uharibifu wa msitu.

Mama mmoja mtu mzima akanyanyuka, kitenge kiunoni, jembe bado mkononi kwa sababu alikuwa ametoka shambani moja kwa moja. "Mwanangu," akaniambia mimi, wala si viongozi, "huo msitu unaousoma ni upi? Nionyeshe kwa kidole." Bwana Misitu akajibu kwa upole, "Bibi, kwa mujibu wa sheria shamba lako limo ndani ya msitu." Bibi akamtazama. "Mimi nimo ndani ya mihogo."

Tukaenda kuangalia. Bikoni ilikuwepo, nguzo fupi ya zege yenye namba, imezama nusu kwenye udongo, na mihogo imeizunguka pande zote. Bwana Misitu hakuwa mwongo: eneo lilitangazwa zamani, ramani anayo, tarehe anayo. Bibi naye hakuwa mwongo: hapakuwa na msitu mbele ya macho yetu, palikuwa na mihogo na miti mitano, sita. Aliyewagombanisha ni neno langu. Nililibebesha msitu kazi ya ‘forest’, na bibi akasikia kwamba serikali inamwita yeye kipofu.

Usiku ule niliifasiri hati upya kwa taa ya simu. Palipokuwa na maana ya miti, niliacha msitu. Palipokuwa na maana ya mpaka, niliandika "eneo lililotangazwa kuwa hifadhi", nikaweka mwaka wa tangazo. Sentensi moja ikawa mbili mara nyingi, na hati ikaongezeka kurasa. Asubuhi mwenyekiti wa kijiji akaisoma yeye mwenyewe, polepole, hadi mwisho: eneo lililotangazwa kuwa hifadhi, ambalo kwa sasa lina mashamba, na ambalo zamani lilikuwa na msitu.

Bibi alikuwa amekaa mstari wa mbele. "Hapo sasa nimesikia," akasema. "Kumbe ni habari ya mpaka." Akanyanyuka, akawaongoza Bwana Misitu na wazee wawili hadi upande wa pili wa shamba, kwenye kisiki kikubwa cha mninga kilichoanza kuoza. Akasimama juu yake. "Baba yangu aliambiwa msitu unaishia hapa. Njooni na hiyo ramani tuione."